Mchanga wa Baba

Jumamosi, 5 Julai 1997

Mwalimu Ritha, anayetufundisha Jiografia kidato cha tatu, ametupa kazi ya kufanya mpaka mvua zije: kila mmoja achague kitu kimoja cha mazingira ya kwao, akipime kila wiki na kuandika. Wanaokaa mjini walijichukulia kipimajoto cha shule kabla sisi wa mbali hatujainua hata mkono. Nilikasirika. Rafiki yangu Mwanasha akasema basi tupime visima vya korongoni.

Mwalimu amesema tuandike kama anayesoma hapajui kwetu, kwa hiyo naeleza. Chihembe, kijiji chetu, iko baada ya Nkuhungu ukitoka mjini, saa moja na nusu kwa miguu mpaka shuleni. Hatuna bomba. Tuna korongo, ambalo hupitisha maji siku chache tu za mvua. Miezi inayobaki maji hujificha chini ya mchanga wake, na wanawake huchimba mashimo kuyafuata. Nimepiga mafundo kwenye kamba, kila fundo urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kisima cha shangazi Tabu, dada yake baba, leo ni mafundo matatu mpaka kwenye maji.

Jumapili, 13 Julai

Mafundo matatu. Vumbi tupu.

Jumamosi, 19 Julai

Mafundo matatu na nusu.

Baada ya kupima nilipanda lori la baba hadi mjini. Baba, Fabian Ndahani, alikuwa karani wa bohari la shirika la umma mpaka mwaka juzi, shirika lilipouzwa na yeye na wenzake wakapunguzwa. Kiinua mgongo chake alinunulia lori kuukuu la tani saba. Sasa mji unajengwa kila upande, na kila anayejenga anataka mchanga, nao uko korongoni kwetu. Juu ya kioo cha mbele baba amepaka jina EDINA kwa rangi nyekundu. Watu wa Nkuhungu wanaliita lori kwa jina langu, na leo kila tulipopita niliwapungia mkono kama mke wa waziri.

Jumamosi, 2 Agosti

Mafundo matano. Foleni ya ndoo inafika kwenye mti wa miiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Mafundo matano na nusu. Nimegombana na Mwanasha na sitaki kumwona.

Alisema maji yanashuka kwa sababu mchanga unaondolewa. Nikamwambia yanashuka kwa sababu mwaka jana mvua haikunyesha, kila mtu anajua. Akasema yote mawili ni kweli, lakini mvua haina dereva. Nikamuuliza kama anamwita baba yangu mwizi. Akasema, "Sikumtaja baba yako. Umemtaja wewe."

Mwanasha kwao ni Kondoa, milimani. Hapa anakaa kwa mjomba wake, Ibrahimu mwenye duka. Kila kitu anakijua, kila kitu Kondoa kilishatokea. Nilimwambia kama Kondoa ni pazuri hivyo arudi huko.

Jumamosi, 16 Agosti

Mafundo sita. Nilipima peke yangu.

Jumatano, 20 Agosti

Nilimkuta Mwanasha njiani kutoka shule, ananingoja na makopo mawili ya mafuta ya kupikia. Hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba. Moja alilijaza mchanga akamimina maji mpaka yakatulia chini ya mchanga. La pili alitia maji matupu. Tukayaacha juani nyuma ya duka la mjomba wake.

Tukiwa tumekaa alinisimulia kwao. Babu yake alikuwa na ng'ombe wengi kwenye mlima ambao leo umepasuka mabonde mekundu, mtu anaweza kutembea ndani yake asionekane. Ardhi ilipokuwa imekwisha kuliwa, serikali iliondoa mifugo yote milimani, na babu alitembea na ng'ombe wake siku nne akarudi na fimbo tu. Mpaka anakufa alikuwa akisema kwamba walijua, tangu mifereji ilipokuwa midogo ya kurukwa na mtoto, ila kila mtu alimngoja mwenzake aseme.

Niliona aibu kwa yale niliyomwambia. Sikusema.

Jumatatu, 25 Agosti

Kopo la maji matupu limekauka. La mchanga, ukichimba kwa kidole, chini bado kuna maji.

Ningependa lingekuwa kinyume.

Jumamosi, 6 Septemba

Mafundo saba na nusu. Malori sasa ni matano, mengine ya watu nisiowajua. Pale walipokomba mchanga wote umebaki udongo mgumu kama sakafu, na hakuna anayechimba kisima hapo tena.

Mama anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni. Jana walipigana wawili, mmoja amepasuliwa ndoo.

Jumatatu, 8 Septemba

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Petro, na daftari letu na makopo. Tulimwamkia shikamoo, akatukaribisha vizuri, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema taifa linahitaji vijana kama sisi. Kisha akasema tuandike barua.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumepeleka barua. Mzee Petro amesema haina muhuri wa shule.

Ijumaa, 12 Septemba

Mkuu wa shule amesema shule haiweki muhuri kwenye mambo ya vijiji.

Jumatatu, 15 Septemba

Mzee Petro amesema bila muhuri ni karatasi tu. Alicheka kidogo, akaniuliza, "Edina, nyumbani wanajua unakwenda wapi na hili daftari?"

Njiani nilipiga teke jiwe mpaka kidole kikatoka damu. Anatusifia, halafu anatuzungusha. Angetufukuza tangu siku ya kwanza ningemheshimu zaidi.

Jumanne, 16 Septemba

Nyumbani wamejua.

Baba hakunipiga. Ningetaka anipige. Tulikuwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, akanawa mikono kabla hajamaliza, akasema bila kupandisha sauti, "Hiyo sare uliyovaa ni mchanga. Daftari unaloandikia ni mchanga. Ukitaka kunisema kwa watu, anza kwa kuvua."

Nilisema visima vinakauka. Akasema aliondoka nyumbani kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa kuhesabu misumari ya serikali, siku moja wakampa bahasha na kumwambia asante, na hakuna aliyepima alishuka mafundo mangapi. Lori ndilo kazi yake sasa. Nikitaka aliuze, nimwambie tutakula nini.

Sikuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniudhi hata sasa ninapoandika. Nina takwimu za wiki kumi na moja na sikuwa na jibu.

Mama alikuwepo. Yeye ndiye anayeamka saa tisa, yeye ndiye mwenye ngozi iliyochunika begani kwa ndoo. Alikusanya vyombo akatoka. Nimemkasirikia mama kuliko baba.

Jumamosi, 20 Septemba

Mafundo tisa. Nimevaa sare hiyo hiyo. Sina nyingine.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mafundo kumi. Sasa inabidi mtu ashuke ndani ya kisima, na mwingine avute ndoo kwa juu. Ukutani wamechimba vijishimo vya kukanyagia. Shangazi Tabu anashuka mwenyewe ingawa anakaribia miaka hamsini, kwa sababu ana bustani ya mchicha na hataki kumwomba mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nitaandika yote, nisije nikaambiwa sikuona.

Jana tulifika korongoni mapema, mimi na Mwanasha. Shangazi alikuwa ndani ya kisima. Mama ndiye aliyekuwa akivuta ndoo. Niliinama ukingoni nikamwambia shangazi ashike ncha ya kamba yangu majini nipime, akanitania kwa Kigogo kwamba nimekuwa bwana ardhi. Mafundo kumi na moja. Hiyo ndiyo namba ya mwisho niliyosoma.

Lori la baba lilikuwa hatua kama ishirini, linapakiwa. Lilikuwa limekaa vibaya. Baba akaliwasha alirudishe nyuma lisogee kwenye mchanga mzuri. Nililihisi kwenye nyayo kabla sijalisikia. Kisha ukuta wa kisima upande ule ukateremka, taratibu kabisa, kama mtu anayekaa chini. Haukutoa kishindo. Mama alibaki ameshika kamba isiyo na kitu.

Tulichimba kwa mikono. Mwanasha alichimba kwa kopo la kuchotea, wanawake wa foleni walichimba kwa sufuria. Baba alikuja mbio na koleo, akachimba mara mbili, akalitupa asije akamkata dada yake, akachimba kwa vidole kama sisi. Alikuwa akimwita kwa jina lao la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Tulipata nywele kwanza. Mama akamfuta mchanga puani na mdomoni, na shangazi akavuta pumzi kwa sauti ambayo bado iko masikioni mwangu.

Mguu ulikuwa umevunjika pajani. Tulimlaza kwenye lori, juu ya mchanga uliokuwa umeshapakiwa, maana hakukuwa na muda wa kuumwaga. Alikwenda hospitali amelalia mchanga ule ule. Nilikaa naye nyuma nimemshika kichwa, na njia nzima ya Nkuhungu watu walinipungia mkono kwa sababu waliona jina la lori.

Leo wamesema ataishi. Hawajasema kama atatembea.

Jumanne, 14 Oktoba

Baba amerudi korongoni na lori.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemaliza kurasa mbili za matusi kwa baba na nimezichana.

Mwanasha anasema matusi hayazuii gari. Anauliza kitu gani kinazuia gari. Nikasema ng'ombe. Mti uliodondoka. Watu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Jioni tulikwenda kisima hadi kisima na yale makopo mawili, tuliyokuwa tumeyajaza upya. Hatukuhutubia. Mwanasha alimwaga mchanga wa kopo mikononi mwa kila mwanamke, wakaona unyevu. Mimi niliwasomea namba, kuanzia matatu hadi kumi na moja. Kisha nikasema foleni ya ndoo si lazima ielekee kisimani. Jumamosi alfajiri inaweza kuelekea barabara ya malori.

Mmoja aliniuliza ni binti wa nani mimi, na anajua kabisa. Nikajibu binti wa Fabian. Akasema basi hawezi kuja. Wengine waliendelea kuchota.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hatukuwa na hakika kama atakuja hata mmoja. Mama aliamka saa tisa kama kawaida. Nilimfuata kwa nyuma. Alipofika njia panda, mahali malori yanaposhukia korongoni, hakupinda kwenda kisimani. Aliweka ndoo yake katikati ya barabara, akaipindua, akaikalia.

Sikuwa nimemwambia chochote. Kumbe alikuwa ameambiwa na wenzake kisimani, na siku zile mbili alikaa kimya akijipanga. Na mimi niliandika humu kwamba nimemkasirikia kuliko baba. Silifuti, libaki linisute.

Kulipopambazuka ndoo zilikuwa arobaini na tatu, mstari mmoja kutoka mti wa miiba hadi ukingoni. Aliyesema hawezi kuja alileta ndoo mbili.

Lori la kwanza kufika lilikuwa na jina langu. Baba alisimama, akashuka, akaangalia mstari wote mpaka akamwona mama mwanzoni. Nikasimama mbele ya taa za lori ili anione na mimi. Nyuma yake malori mengine yalianza kupiga honi. Akarudi kwenye usukani, nikafikiri sasa atapita. Akazima injini. Kwa kuwa lori lake lilikuwa la kwanza na barabara ni nyembamba, wengine hawakuweza kumpita.

Saa nne Mzee Petro alikuja na mgambo watatu. Walitukamata mimi na Mwanasha. Wanawake waliendelea kukaa. Tulishinda kwenye ofisi ya kijiji bila maji, Mzee Petro akituuliza ni mwanasiasa gani ametutuma. Mwanasha alimjibu kwa upole kwamba tumetumwa na Jiografia. Alasiri wakatuachia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumesimamishwa masomo wiki mbili. Mwalimu Ritha aliitwa ofisini tukiwa tumesimama pale pale. Mkuu wa shule alimuuliza kama hii ndiyo kazi aliyotupa. Mwalimu alitazama dirishani. Akasema, "Niliwaambia wapime. Sikuwaambia wazuie."

Nilikuwa nikimpenda sana mwalimu yule.

Ijumaa, 31 Oktoba

Kikao cha kijiji. Imekubaliwa malori yachimbe upande wa chini wa ule mwamba unaokata korongo tu, mbali na visima. Wanawake wamepiga vigelegele. Mwanasha hakupiga. Anasema haikuandikwa popote.

Jumapili, 9 Novemba

Siku tisa. Leo alfajiri lori la bluu lilikuwa upande wa juu wa mwamba, mahali pa zamani. Tukapanga ndoo upya.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumepanga ndoo. Nimechelewa shule, nimechapwa.

Jumanne, 11 Novemba

Ndoo. Fimbo.

Jumamosi, 22 Novemba

Shangazi ametoka hospitali, amefungwa plasta kutoka nyonga hadi kifundo, na atakaa kwetu. Baba amempa kitanda chake. Anampeleka nje asubuhi amembeba mgongoni. Baba hachimbi tena Chihembe. Nilitaka kufurahi mpaka niliposikia kwamba sasa anabeba mchanga wa korongo la wenzetu, barabara ya Bahi. Nilimuuliza huko wanakunywa nini.

Jumapili, 7 Desemba

Mvua ya kwanza. Redio inasema mvua za mwaka huu ni za dunia nzima na zina jina lake.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua. Shule imefungwa.

Jumapili, 21 Desemba

Korongo limeshuka na mafuriko usiku wa juzi. Kila mwaka hushuka, hupita siku mbili likatulia. Safari hii lilikuta kingo zimelegezwa kwa kukombwa mchanga, likaziingia kwa chini. Nyumba tatu zimekwenda. Moja ni ya shangazi Tabu, pamoja na bustani yote. Barabara ya malori imekatika, na pale palipokuwa na foleni yetu kuna shimo ambalo nyumba yetu ingeingia. Hakufa mtu. Shangazi angekuwa mzima wa miguu angekuwa amelala kwake. Watu wanasema tushukuru. Yeye mwenyewe amegeukia ukutani tangu jana na hataki chai.

Jumamosi, 27 Desemba

Mkutano wa kijiji, chini ya turubai la kanisa. Mzee Petro alitoa pole, akasema hii ni kazi ya Mungu, na Mungu haulizwi.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Miguu ilisimama yenyewe. Nilisema Mungu hakuja hapa na koleo. Nilisema ukingo ulioanguka ndio ule ule uliokombwa tangu Julai, tulileta namba, tukazungushwa kwa mihuri. Mzee Petro akasema kama ninajua waliokomba niwataje mbele ya watu, au nikae chini.

Nilimtafuta baba kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye nguzo ya nyuma. Nikasema, "Fabian Ndahani. Lori lake limeandikwa jina langu. Nimesoma kwa mchanga huo."

Nilifungua mdomo niendelee, na sikuwa na jina la pili. Nayajua malori, wenyewe siwajui. Mzee Petro akasema naam, basi ni jambo la familia, likazungumzwe nyumbani, akafunga mkutano. Watu wakacheka, si wote. Nilitoka nikapitia mvuani nisionekane nalia. Nililia kwa hasira. Nimemwanika baba yangu mbele ya kijiji kizima, na wenye hatia wenzake wamerudi kwao kula wali wa Krismasi.

Jumapili, 28 Desemba

Baba hakwenda kanisani. Alikaa mlangoni anatazama mvua. Nilipopita na ndoo akaniambia niiweke chini.

"Jana ulitaja lori moja," akasema.

Nikaiweka ndoo chini.

"Yalikuwa matano. Ukisimama mbele ya watu, sema yote."

Nikaenda kuchukua daftari. Alianza na malori mawili ya mkandarasi wa mjini, akanipa jina na mtaa anaokaa. La tatu la mfanyabiashara wa Nkuhungu. La nne lake. Aliposema hili alinitazama mpaka nikamaliza kuandika. La tano ni lile la bluu, lililovunja mapatano siku ya tisa. Limeandikishwa kwa jina la shemeji yake Mzee Petro, lakini mwenyewe ni Mzee Petro. Vibali vyote alisaini yeye, na kila mwenye lori alimpelekea chake.

Nilimwambia mimi na Mwanasha tutapeleka daftari wilayani, nikamuuliza kama anaweza kuyasema haya huko. Akasema akiyasema hatapata kibali popote, hapa wala Bahi, na lori litakuwa chuma cha kukalia kuku. Nikasema najua. Ndani, shangazi aliacha kukoroma. Alikuwa anasikiliza. Mama pia alikuwa amesimama jikoni na kijiko mkononi.

Nilimwambia bado nina hasira naye. Ndiyo mara ya kwanza namwambia usoni. Nilisema kwa ajili ya mguu wa shangazi, kwa ajili ya Jumanne ile aliporudi korongoni, na kwa ajili ya watu wa barabara ya Bahi ambao hatujui visima vyao viko mafundo mangapi. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Usiiache," akasema. "Huko mnakokwenda utaihitaji."

Nikamwambia mimi na Mwanasha tunaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa miguu, maana barabara imekatika. Hakusema kama atakuja. Aliinuka, akavuta sanduku la chini ya kitanda, akatoa viatu vyake vya ofisini ambavyo hajavivaa tangu walipompunguza, akaketi tena mlangoni na kuanza kuvifuta ukungu.